Msizime king'ora cha joto la diski, pimeni hewa kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na wote wanaosimamia seva, masanduku ya NAS (ya kuhifadhia mafaili kupitia mtandao), mashine za kurekodi kamera za ulinzi, na hata kompyuta za mezani zenye diski zaidi ya moja. Diski ikitoa onyo kwamba joto limezidi, wengi hukimbilia moja ya mambo mawili. Yupo anayepandisha kiwango cha onyo kutoka nyuzi 50 hadi 60 ili kelele ikome, na yupo anayeagiza diski mpya. Wote wameliacha tatizo palepale, na huyu wa pili ataipika na hiyo mpya.

Diski yenyewe mara nyingi haina kosa. Diski ya inchi 3.5 inayozunguka mara 7,200 kwa dakika hula wati 6 hadi 9 ikiwa kazini, na karibu umeme wote huo huishia kuwa joto. Zikiwa nne katika sanduku moja, una wati 30 hivi ambazo lazima zitoke, na hazina pa kutokea ila kwa hewa inayopita kwenye vyuma vyake. Onyo la joto, basi, ni habari ya hewa kabla ya kuwa habari ya diski. Chombo cha kwanza kushika ni kipimajoto. Bisibisi ina zamu yake baadaye. Nyuzi zote nitakazotaja hapa ni za Selsiasi.

Weka kipimajoto sentimita chache mbele ya matundu ya kuingizia hewa ya kifaa chenyewe. Kile cha ukutani hakihesabiki, wala nambari inayoonyeshwa na kiyoyozi, kwa sababu chumba kinaweza kuwa na nyuzi 24 karibu na mlango huku hewa inayovutwa na seva ndani ya kabati ikiwa na nyuzi 36. Subiri dakika 10, soma joto la diski, kisha toa la hewa. Kwenye mashine yenye feni nzima, diski ya kuzunguka iliyo kazini huwa juu ya hewa inayoingia kwa nyuzi 8 hadi 15 hivi. Tofauti ikivuka 20, hewa haipiti inavyotakiwa.

Chukua mashine mbili zinazoripoti nyuzi 52. Ya kwanza inavuta hewa ya nyuzi 29, kwa hiyo tofauti ni 23. Chumba hakina hatia hapo. Kuna vumbi, au feni imechoka, au kebo zimeziba njia. Ya pili inavuta hewa ya nyuzi 40, tofauti ni 12 tu. Feni zake zinafanya kazi barabara, na hata ukizibadilisha zote hutashusha kitu cha maana. Dawa iko nje ya mashine. Anayesoma ile 52 peke yake hana namna ya kuzitenganisha hizi mbili, na ndiyo maana namba hiyo moja inayotokea kwenye kioo huwapoteza watu wengi.

Kusoma joto si kazi ngumu. Programu ya smartmontools hupatikana bure kwa Linux, Windows na macOS. Ukiandika smartctl -A /dev/sda, ukiweka jina la diski yako mahali pa /dev/sda, utapata jedwali la hali ya diski. Mstari wa 194 ndio wa joto, na baadhi ya diski huwa na mstari wa 190 pia. Diski iliyo ndani ya kasha la USB huenda ikahitaji kuongezewa -d sat ili isomeke, na zile zilizo nyuma ya kadi ya RAID (mfumo wa diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja) ya aina ya MegaRAID husomwa kwa -d megaraid,0 na kuendelea kwa kila nambari ya diski. Kwenye seva, programu ya ipmitool husoma vihisi vya mashine yenyewe: amri za ipmitool sdr type Temperature na ipmitool sdr type Fan huonyesha joto la hewa inayoingia na mizunguko ya kila feni, na ipmitool sel list hutoa kumbukumbu ya maonyo yote. Angalia saa ya kumbukumbu hiyo kabla ya kuiamini: mara nyingi iko kwenye majira ya UTC, na tukio unalodhani lilitokea usiku likawa la mchana.

Sasa, kabla ya kupima lolote, kuna hali inayotaka kitendo kwanza. Kikomo cha mtengenezaji kwa diski nyingi za kuzunguka ni nyuzi 60, kwa SSD nyingi za SATA (diski za chipu zisizozunguka) ni 70. Karatasi ya maelezo ya modeli yako ndiyo yenye neno la mwisho. Ikiwa joto limefika hapo na bado linapanda, simamisha kazi nzito: kunakili mafaili makubwa, uhakiki wa RAID, bekapu iliyoanza. Kama halishuki, zima mashine kupitia menyu yake. Kuchomoa waya wa umeme ni kosa, kwa sababu data iliyokuwa bado kwenye kumbukumbu ya muda haitafika kwenye diski. Baada ya kuzima, subiri nusu dakika sahani zisimame ndipo uguse au usogeze chochote.

Tahadhari moja ni ya wale ambao RAID yao tayari imepoteza diski na inajijenga upya. Hapo diski zilizobaki zinasomwa mwanzo hadi mwisho bila kupumzika, na joto lake hupanda zote pamoja. Msizime kwa pupa. Punguza kwanza mwendo wa kujenga. Kwenye Linux yenye RAID ya programu andika echo 50000 > /proc/sys/dev/raid/speed_limit_max, na mwendo utabanwa kwenye megabaiti 50 hivi kwa sekunde. Kazi itachukua muda mrefu zaidi, lakini joto litashuka na RAID itaendelea. Elekeza pia feni ya mezani kwenye mlango wa kuingizia hewa.

Kuna ushauri unaozunguka mitandaoni wa kuweka diski iliyopata moto ndani ya friji. Ushauri huo uachwe kabisa. Chuma baridi kikirudi kwenye hewa ya kawaida hutoa jasho, na matone yakikaa kwenye sakiti au kupenya ndani kupitia tundu la kupumulia, diski iliyokuwa salama inakuwa ya kupelekwa kwa wataalamu wa kuokoa data. Hata bila friji, watengenezaji wengi huweka ukomo wa joto kubadilika nyuzi 20 kwa saa. Diski ipoe taratibu mahali ilipo.

Baada ya hapo hakikisha nambari inasema kweli. Njia rahisi kuliko zote: acha mashine imezimwa saa tatu au nne, iwashe, na usome joto mara tu mfumo unapofunguka. Diski iliyolala baridi lazima iwe karibu na joto la chumba, labda nyuzi mbili au nne juu. Ikionyesha 50 wakati chumba kina 26, kihisi chake kimeharibika au programu inasoma vibaya. Namba kubwa zisizoaminika, za tarakimu nane au zaidi, huja pale programu ya zamani inapochanganya joto la sasa na la chini na la juu ambayo diski imeyapakia kwenye uga mmoja. Kinyume chake pia kipo: baadhi ya SSD duni huripoti nyuzi zilezile asubuhi, mchana na jioni, zikiwa kazini au zimelala. Hizo hazina kihisi cha kutegemewa, na onyo lao, au kukosekana kwake, hakuna maana.

Ukitaka kupima kwa kipimajoto cha miale, usielekeze kwenye alumini inayong'aa. Kitasoma joto la chini kuliko la kweli, kwa sababu chuma king'aavu hakitoi miale ya joto vizuri, na sehemu kubwa ya kinachopimwa ni joto la vitu vilivyo mbele yake. Bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme kwenye kifuniko, subiri dakika mbili tatu, elekeza hapo. Tepu hiyo isifunike tundu dogo la kupumulia ambalo diski nyingi zisizojazwa gesi ya heliamu huwa nalo. Kwa kawaida limeandikiwa onyo pembeni.

Mstari wa 190 umewasumbua wengi bure. Kwenye diski nyingi za Seagate thamani yake ni 100 ukitoa joto, na kizingiti chake ni 45. Maana yake joto likivuka nyuzi 55 mara moja tu, thamani huanguka chini ya 45, na safu ya WHEN_FAILED huandika In_the_past. Maandishi hayo hayafutiki. Mtu ananunua diski iliyotumika, anaona neno la kufeli, anadhani ametapeliwa. Mstari huo unasema diski iliwahi kupata joto, basi. Afya yake inasomwa kwenye mistari mingine nitakayoitaja mbele.

Nambari ikishathibitika, tazama mpangilio wake. Diski zote zikiwa zimepanda pamoja, tafuta kwenye feni, kichujio au chumba. Moja ikiwa juu ya wenzake kwa nyuzi 8 na zaidi, ibadilishane nafasi na nyingine wakati mashine imezimwa, ukiwa umeandika namba za nafasi kwenye kila diski kwa kalamu. Mifumo mingi ya RAID huzitambua diski hata zikihama, lakini soma mwongozo wa sanduku lako kabla ya kujaribu, na kama mwongozo hausemi, usihamishe. Joto likibaki kwenye nafasi ileile, nafasi hiyo haipati hewa. Likihama na diski, ni diski: ama ina mzunguko wa kasi kuliko wenzake, ama beringi za mota yake zinachoka. Zile za katikati kuwa na nyuzi tatu nne zaidi ya za pembeni ni kawaida, kwa kuwa zimebanwa na joto pande zote mbili.

Halafu kuna historia, ambayo watu wachache huiuliza. Amri ya smartctl -l scttemp /dev/sda huchapisha joto ambalo diski nyingi hujiandikia zenyewe, mara nyingi kila dakika kwa saa kadhaa zilizopita. Kila mstari una saa, nyuzi, na safu ya nyota inayorefuka kadiri joto linavyopanda, kwa hiyo ukingo wa nyota hizo unakuwa mchoro. Ukikuta 38, 38, 39, kisha 42, 46, 50 ndani ya nusu saa, halafu imetulia kwenye 54, kuna kitu kilichotokea ghafla: feni imesimama au mtu ameegesha boksi mbele ya matundu. Ukiisoma mara kadhaa kwa siku ukakuta inapanda uzi mmoja mmoja tangu asubuhi, inafika kilele alasiri na kuteremka jioni, ni chumba. Ikipanda na kushuka mara kadhaa kwa siku kwa vipindi vinavyofanana, ni kazi iliyopangwa kwenye ratiba. Juu ya orodha hiyo imeandikwa pia joto la juu kabisa ambalo diski imewahi kufikia maishani mwake. Kwa anayenunua diski iliyotumika, mstari huo una thamani kuliko maneno ya muuzaji.

Kuhusu ratiba, RAID nyingi hujihakiki zenyewe mara moja kwa mwezi. Kwenye Debian, aina mojawapo ya Linux, usanidi uliozoeleka kwa miaka mingi huanza uhakiki saa saba kasoro dakika tatu usiku, Jumapili ya kwanza ya mwezi. Ofisi ambayo kiyoyozi chake huzimwa mwishoni mwa wiki itapata onyo usiku huohuo kila mwezi, na Jumatatu kila kitu kitaonekana kizuri. Sogeza uhakiki hadi saa ambayo chumba kinapozwa. Usiuzime, kwa maana ndio unaofichua sehemu mbovu za diski kabla hazijawa nyingi.

Sasa njia ya hewa. Vumbi kwanza. Zima, chomoa waya wa umeme, na utoe kifaa nje ya chumba ili usihamishe vumbi kutoka mashine moja kwenda nyingine. Hewa ya kopo ipulizwe kopo likiwa wima. Ukiliinamisha hutoka kimiminika baridi kinachoweza kudhuru sakiti. Shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke unapopuliza, kwani yakizungushwa kwa kasi kupita kiasi beringi huumia na mota hugeuka kuwa jenereta inayorudisha umeme kwenye ubao. Usipulize kwa mdomo, maana mate na unyevu hugandisha vumbi. Kifyonza vumbi cha nyumbani nacho kikae mbali na sakiti kwa sababu mdomo wake wa plastiki hujaza umeme tuli. Kichujio cha sponji kinaoshwa kwa maji na kukaushwa kabisa kabla ya kurudishwa. Kwenye masanduku ya NAS, vumbi baya zaidi hukaa mahali pasipoonekana: nyuma ya ubao wenye soketi za diski, kati yake na feni. Ubao huo una nafasi chache tu za kupitishia hewa, na utando wa vumbi wenye unene wa milimita mbili unatosha kuziziba. Toa diski zote, chungulia ndani kwa tochi.

Feni kuzunguka hakutoshi. Feni ya milimita 120 kwa kawaida huenda mizunguko 800 hadi 1,500 kwa dakika. Zile za milimita 40 za seva nyembamba huvuka 10,000. Linganisha na kilichoandikwa kwenye kibandiko chake. Feni inayohitaji kusukumwa kwa kidole ili ianze, au inayokoroma kwa dakika chache kila inapowashwa, beringi zake zimekauka; tone la mafuta litaipa wiki chache, si zaidi. Unapobadilisha, linganisha ukubwa, volti, idadi ya pini (tatu au nne; za pini nne huongozwa mwendo kwa waya wa ziada) na mpangilio wa nyaya, kwa sababu watengenezaji wengine huupindua. Kwenye fremu tafuta mishale miwili: mmoja ni wa mzunguko, mwingine wa mwelekeo wa hewa. Kama haipo, hewa hutokea upande wenye vijiti vinavyoshikilia mota. Feni iliyofungwa kinyume inashindana na wenzake, na joto hupanda kuliko ilipokuwa imekufa.

Wanaochoshwa na kelele hubadilisha feni ya seva kwa ile ya kimya ya kompyuta ya mezani. Mabadiliko hayo huzaa maonyo mawili. Kwanza, mashine inaripoti feni imekufa kwa kuwa mizunguko imeshuka chini ya kiwango ilichozoea. Pili, na hili ndilo zito, feni ya kimya inasukuma hewa nyingi mahali palipo wazi lakini haina nguvu ya kuipenyeza kati ya diski zilizosongamana zikiachana milimita chache. Namba ya ujazo wa hewa kwenye boksi ni nzuri; namba ya msukumo ndiyo ya kuangalia.

Vilevile, msiache seva bila kifuniko mkidhani inapumua vizuri. Kifuniko ndicho kinachoilazimisha hewa ipite kwenye diski, kumbukumbu na prosesa kwa mpangilio. Kikitolewa, feni hunyonya hewa kutoka juu, iliyo karibu, na diski za mbele hazipati kitu. Kwenye kompyuta ya mezani kufungua ubavu ni kipimo kizuri cha muda: ukifungua na kuelekeza feni, joto likashuka nyuzi 10 ndani ya nusu saa, umejua kwamba kasha halipumui. Nafasi tupu za diski kwenye seva nazo zirudishiwe vizibo vyake, na nafasi tupu za raki (fremu ya kupangia seva) zizibwe kwa mabamba. Nafasi moja ya raki ni milimita 44.45, na shimo hilo moja linatosha kurudisha hewa moto ya nyuma hadi mbele. Chama cha wahandisi cha ASHRAE cha Marekani kinapendekeza hewa inayoingia kwenye mitambo iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Ikiwa sehemu ya juu ya raki inapata 34 na ya chini 24, kiyoyozi kikubwa zaidi hakitasaidia mpaka mashimo hayo yazibwe.

Mashine za kurekodi kamera ndizo zinazoteswa kuliko zote. Diski yake huandika saa 24, mara nyingi ndani ya kasha lenye feni moja ndogo au lisilo na feni kabisa, na kasha lenyewe limefungiwa kwenye droo yenye kufuli ili lisiibwe. Kufuli lina sababu yake, lakini droo itobolewe: matundu chini upande mmoja, matundu juu upande wa pili, ili hewa moto inapopanda ivute nyingine. Acha sentimita 10 nyuma ya kifaa. Chagua diski iliyotengenezwa kwa kazi ya kamera, yenye mzunguko wa 5,400 au karibu na hapo.

SSD za NVMe, zile nyembamba zinazochomekwa moja kwa moja kwenye ubao wa kompyuta, zina mambo yake. Kipande cha milimita 22 kwa 80 kinaweza kula wati zinazokaribia za diski ya inchi 3.5, na kinachopata moto hasa ni chipu ya kidhibiti, wala si chipu za kuhifadhia. Amri ya nvme smart-log /dev/nvme0 huonyesha joto pamoja na dakika ambazo kifaa kimekaa juu ya kiwango cha onyo na kile cha hatari tangu kitengenezwe. Viwango vyenyewe hutolewa na nvme id-ctrl kwa majina ya wctemp na cctemp, mara nyingi kwa Kelvini: 358 ukitoa 273 ni nyuzi 85. Kabla ya kufika huko kifaa hujipunguzia mwendo chenyewe. Lakini si kila kupungua mwendo ni joto. SSD nyingi zina sehemu ya haraka ya kupokelea maandishi, na ikijaa mwendo huporomoka vilevile. Soma nyuzi wakati mwendo unaanguka: zikiwa 60, sehemu hiyo imejaa, zikiwa 80 na zaidi, ni joto.

Unapokuta NVMe yenye kipoza joto cha alumini lakini bado inafika 80, fungua uangalie kama karatasi ya plastiki kwenye pedi laini ya kupitisha joto imebanduliwa. Ni kosa linalokutwa mara nyingi, kwa kuwa plastiki hiyo ni nyembamba na angavu. Kisha angalia alama kwenye pedi: chipu ya kidhibiti iwe imeacha mkandamizo wake. Isipouacha, pedi ni nyembamba mno. Zipo za milimita 0.5, 1 na 1.5, na SSD yenye chipu pande mbili inataka pedi chini pia. Skrubu isikazwe mpaka ubao upinde. Kibandiko cha SSD usikibandue, kwani vingine vina karatasi ya shaba inayosambaza joto, na kukitoa huweza kufuta dhamana.

Mara nyingine diski zote hupotea kwa pamoja katikati ya kazi huku joto la kila moja likiwa 36. Hapo shika kadi ya RAID au HBA (kadi ya kuunganishia diski). Kadi hizi nyingi zimetengenezwa kwa upepo wa seva, angalau futi 200 kwa dakika, yaani kama mita moja kwa sekunde. Ukiichomeka kwenye kompyuta ya mezani iliyotulia, chipu yake itapanda hadi karibu nyuzi 100 bila kukuambia. Feni ya milimita 40 ikifungwa juu ya kipoza joto chake, na bandiko la joto (ule ute ulio kati ya chipu na kipoza) lililokauka likibadilishwa, kwa kawaida shida huisha.

Joto likishashuka, ndipo uchunguze diski imepona au imejeruhiwa. Andika kando thamani ghafi za mistari ya 5, 197 na 198: hizo ni sehemu zilizohamishwa, zinazosubiri na zilizoshindikana. Anzisha kipimo kirefu kwa smartctl -t long /dev/sda. Diski ya terabaiti 16 inaweza kuchukua siku nzima na zaidi, na kipimo chenyewe huongeza joto, kwa hiyo kisianze kabla njia ya hewa haijatengenezwa. Mistari hiyo ikibaki sifuri, diski iendelee na kazi. Ya 197 ikipanda kati ya kipimo na kipimo, hakikisha bekapu na upange kuibadilisha. Mstari wa 199 ukipanda peke yake ni kebo, na mara nyingi ni ileile uliyoisukuma pembeni ulipokuwa ukisafisha.

Wala tusitishane kupita kiasi. Wahandisi wa Google walichapisha mwaka 2007 uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000 walizokuwa wakizitumia, na hawakukuta joto la wastani likihusiana na kufa kwa diski kama ilivyodhaniwa. Uhusiano ulijitokeza kwenye joto kali na zaidi kwa diski zilizozeeka. Diski ya nyuzi 42 haihitaji kiyoyozi kipya. Ya 57 kila alasiri inahitaji.

Kwa hiyo onyo liwekwe mahali panapofaa na libaki hapo. Kwa diski za kuzunguka, nyuzi 45 za kuandika kwenye kumbukumbu na 52 za kumwamsha mtu zinatosha kwa sehemu nyingi. Kwenye usanidi wa smartd, sehemu ya smartmontools inayokagua diski yenyewe muda wote, mstari unakuwa /dev/sda -a -W 5,45,52 -m ukifuatiwa na anwani ya barua pepe. Namba ya kwanza ni mabadiliko ya nyuzi tano, ya pili huandikwa kwenye kumbukumbu tu, na ni ya tatu pekee inayotuma barua. Wengi huweka mbili za mwanzo na kungoja barua ambayo haitakuja. Kumbukeni pia kwamba smartd hukagua kila dakika 30 isipoambiwa vinginevyo. Kwenye kabati dogo lisilo na hewa punguzeni hadi dakika 10 kwa -i 600 kwenye amri inayoiwasha smartd, si kwenye mstari wa diski. Mwisho ongeza -M test kwenye mstari wa diski na uanzishe smartd upya. Barua ya majaribio ikifika kwa mtu ambaye bado yupo kazini na ana ufunguo wa chumba, ondoa -M test na uache iliyobaki kama ilivyo. Isipofika, hilo ndilo tengenezo la kwanza, kabla hata ya kununua feni.

Wako,
Fundi wa mitambo ya kuhifadhi data